Miaka Mitano Ambayo Jaji Hakuitamka

Jumatatu, 6 Oktoba 2008

Buffalo. Mahabusu tena! Kisa? Nimehamia kwa dada Yvette bila ruhusa. Mabomba ya chumbani kwangu yamepasuka — nilale majini? Bwana Dombek, ofisa wa uangalizi anayenichunga tangu nitoke jela, hakutaka kusikia. Eti sheria ni sheria. Kanifunga pingu mbele ya wapwa zangu huku bado anatafuna. Kinyaa.

Dukani niliiba, na bastola nilikuwa nayo. Sikatai. Nilikiri, jaji akanipa miaka saba, nikaitumikia yote. Sasa hii mitano ya kuchungwa baada ya kutoka ilitoka wapi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Wakili wangu, Bi. Feingold, kaleta nakala ya yaliyosemwa siku ya hukumu. Kurasa sita. Nimesoma mara nne. Jaji: miaka saba. Halafu: tuahirishe, watu wakale. Basi! Uangalizi hakuutaja hata kidogo. Karani wa magereza ndiye aliyeugonga muhuri baadaye, kwa mkono wake.

"Walizoea," anasema Bi. Feingold. "Waliona uangalizi unafuata wenyewe kila kifungo."

Walizoea! Mtu hata uso wangu hajauona, kaniongezea miaka kama anatia chumvi kwenye supu. Tumeipinga hiyo mitano mahakamani leo leo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Yvette kaja. Anacheka peke yake. "Mdogo wangu, wiki ijayo unakula kwangu. Mabawa ya kuku nshanunua." Nilimwambia asinunue!

Jumatano, 22 Oktoba

Mahakamani. Jaji yule yule, kazeeka. Radhi hakuomba. Eti kosa linarekebishika: ataitamka mwenyewe ile mitano, leo, kwa mdomo wake. Sitaki? Nifute kukiri kwangu, kesi ianze upya, na nikishindwa anaweza kunipa kumi na mitano. Kosa lao, adhabu yangu!

Bi. Feingold kaninong'oneza: mwenye duka, shahidi wao, alishafariki, tunaweza kushinda. Tunaweza. Hakusema tutashinda. Nyuma yetu Yvette kapakata koti langu la baridi. Kaja kunichukua.

Jaji kaahirisha — watu wakale! Nijibu saa nane.

Niko selo ya nyuma ya mahakama. Mkate na soseji baridi, inateleza. Siigusi. Karani wa mahakama kapenyeza karatasi, nitie sahihi kwamba nimeelezwa. Naisoma. Uangalizi, miaka mitano, umetamkwa na jaji leo. Muhuri tayari. Wino mbichi, umeniganda vidoleni. Jaji hajatamka! Mimi sijajibu! Miaka saba na ushee imepita na hawa watu hawajajifunza hata aibu.

Nimeikunja. Imo ndani ya soksi. Bi. Feingold lazima aione kabla sijafungua mdomo.

Askari anagonga. "Pettway, twende, jaji kesharudi. Na ile karatasi ya karani iko wapi?"

"Karatasi gani?" namuuliza —