Kabla ya Chai

Mjukuu wangu Neema,

Huku Doha sijambo, ila joto halina huruma. Shangazi yako amehamia Al Rayyan kwa waajiri wapya, anakusalimu sana.

Umesema huko chuoni mnaandika kanuni za utegaji, ukaniuliza mtego ukae muda gani bila kukaguliwa. Nakujibu kwa aibu ambayo sijamwambia mtu.

Ujanani tulitega pimbi kwa vitanzi vya waya, na mama alishona ngozi zao kuwa mablanketi. Baba alikuwa na amri moja: aliyetega hanywi chai mpaka azungukie mitego yake. Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nikakaa jikoni, nikanywa chai, nikadanganya kwamba nimeshaizungukia. Kesho yake nikamkuta pimbi bado hai. Waya ulikuwa umefika kwenye mfupa wa mguu, na majani yote aliyoweza kuyafikia alikuwa ameyang'oa.

Nilimmaliza upesi, nikampeleka nyumbani kuchunwa kama kawaida. Baba aliutazama ule mguu, akaniuliza, "Jana chai ilikuwa tamu?"

Hakuliongelea tena jambo hilo, na afadhali angenichapa.

Walinzi wenzangu hapa mtaa wa Najma hunicheka kwa kuwa sigusi kikombe kabla ya kulizunguka jengo zima. Huwaambia ni mazoea ya uzee tu. Wewe sasa unajua.

Kwenye kanuni zenu andikeni kila asubuhi, kabla ya chai.

Babu yako