Mifupa ya Babu Ukumbini

Gaborone,
Jumatatu

Kwako Mama yangu, MmaOarabile,

Nakuamkia kwa heshima. Nakuamkia na wewe, MmaMogomotsi, maana najua ndiwe unayeisoma karatasi hii kwa sauti. Dereva wa basi nimemwapisha asimpe mtu mwingine. Mama, barua yako ya mwisho aliiandika binti wa mjomba, na mwandiko wake ulinitoa jasho, lakini sababu ya kumtaka MmaMogomotsi si mwandiko. Tangu nianze chuo, barua zangu zote umesomewa na MmaMogomotsi, na hii pia nataka aisome yeye, mpaka mstari wa mwisho. Mpe kiti chenye mgongo. Mpe na chai, tafadhali.

Hapa ndipo mtu huandika kwamba yeye ni mzima wa afya. Mimi nakula kidogo, natembea, darasani nakwenda. Usingizi ndio umenihama. Na wewe Mama, magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mtama mmeshaupura wote? Nasikia ng'ombe wamerudi salama kutoka machungani, na kwamba mtamba mweusi ameshatengwa kwa ajili ya Jumamosi. Nitafika kwenye habari ya mtamba huyo.

Habari za msiba mlizipata kwa mjomba. Mjomba alikuja kuchukua maiti tu, ukumbini hakuwepo, na mnamjua mjomba, akikosa habari hujitungia. Nieleze mimi niliyekuwepo.

Mwalimu wetu wa sanaa, Bwana Modukanele, ana imani yake moja. Husema mkono wa msanii ni mwongo, na kwamba kitu cha kweli ni kile kilichotokea chenyewe bila mtu kukipanga. Maonyesho ya mwaka huu kwenye ukumbi wa chuo aliyaita Bila Mkono. Msichana mmoja wa Maun alipitisha mbuzi wenye kwato za tope juu ya karatasi, akazitundika ukutani. Mwingine alining'iniza makopo yaliyotobolewa, yakadondosha wino upepo unavyotaka. Kanuni ilikuwa moja, na ole wako uivunje: kitu kikishawekwa hakirekebishwi. Msumari ukipinda, uachwe umepinda. Mogomotsi alimwambia mwalimu usoni kwamba kama hiyo ndiyo sanaa, basi mbuzi wote wa mama yake ni maprofesa, na mwalimu akacheka mpaka akapangusa macho. MmaMogomotsi, hata wakubwa walikuwa hawawezi kumkasirikia mwanao.

Mimi nilikuja na wazo la mifupa. Mama, unakumbuka nilivyokuomba mifupa ya ramli ya babu, ukakataa mara mbili, ukasema haitupwi kwa mchezo, hutupwa penye shida. Nikakudanganya kwamba itakaa ndani ya kabati la kioo, watu waitazame tu. Ukanipa. Hukunipa kwa moyo mweupe, niliona.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tulitandaza kitambaa cheupe sakafuni, kikubwa kama ua wa nyumba, na juu yake tukajenga jukwaa la mbao, refu kama watu watatu waliobebana. Huko juu tuliweka ndoo za udongo mwekundu. Tulikuwa wanafunzi wanne, na kila mmoja alipewa kimoja cha vile vibao vinne vya mfupa, vikuu katika ramli ya babu, kiwe chake. Mbele ya wageni nitatupa mifupa. Kibao kitakachotazama juu peke yake, vingine vikilala kifudifudi, mwenye nacho atapanda na kumimina ndoo, na udongo udondoke utakavyo. Wenzangu kwenye vibao waliona mistari tu. Kuvisoma nilijua mimi, niliyembebea babu mfuko wake miaka sita.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Alikuja mkuu wa chuo na mkewe, walikuja watu wa magazeti. Nilitupa mara ya kwanza, vyote vikalala. Nikatupa tena. Nikainama, nikasoma, nikataja jina la Mogomotsi. Alipiga makofi mwenyewe. Alisema kwamba babu yangu ana macho, amemchagua mwenye misuli akawaacha vijiti. Akavua viatu ili asiteleze, akapanda anaimba ule wimbo wa kuchunga. Alifika juu, akashika ndoo, akakanyaga ubao wa tatu, na ubao ukaachia.

Sitaeleza alivyoanguka. Kitambaa kilikuwa juu ya saruji. Watu wengine walidhani ndiyo maonyesho, Mama, walipiga makofi. Alikaa hospitali siku mbili bila kufumbua macho, na mkono wake niliushika mimi, kisha ukawa baridi. Bwana Modukanele alisimama mlangoni akirudiarudia kwamba hakuna aliyepanga, hakuna aliyepanga. Nilitaka kumzaba kofi.

Sasa niseme ya nyumbani. Mama, uliniandikia kwamba mjomba alieleza pale penye baraza kuwa mifupa ya babu ndiyo iliyomtaja Mogomotsi, na kwamba watu wamekata shauri: mifupa ya mzee yule haitaji mtu bure, kwa hiyo nyumba ya MmaMogomotsi ina jambo. Kwamba bombani anapofika wanawake wanashika ndoo zao wanaondoka. Kwamba maandazi yake yanalala mpaka yanaota ukungu, na watoto wamekatazwa kupita uani kwake. Uliniandikia kwamba hata wewe umemrudishia chungu chake. Ukaandika, na maneno haya nimeyasoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo, kwamba babu ametuchagulia uhai, na Jumamosi utachinja mtamba kumshukuru kwa kunikwepesha mimi.

Mama, mtamba huyo asichinjwe.

MmaMogomotsi, hapa usiache kusoma. Nakuomba kwa magoti. Ungesomwa na mwingine mstari huu, angeumeza. Binti wa mjomba angekohoa, angeruka, angesema kalamu imefifia. Mama naye angesikia, angeitia barua jikoni siku hiyohiyo kwa kunipenda. Wewe peke yako ndiwe usiyeweza kuruka. Najua ni ukatili. Sikupata njia nyingine ambayo isingenipa mwanya wa kukimbia.

Alhamisi, siku moja kabla ya ufunguzi, nilipanda mimi kupanga zile ndoo. Ubao wa tatu ulicheza chini ya mguu wangu. Nilishika nguzo nisianguke. Nikashuka. Bwana Modukanele alikuwa pale chini anazungumza na wageni, nami nilikuwa kipenzi chake, na kanuni ilikuwa kwamba kitu hakirekebishwi. Niliona haya kuomba misumari miwili. Misumari miwili tu, Mama! Nikanyamaza, nikajiambia tupo wanne, huenda isiwe mimi.

Siku ya pili nilipoinama juu ya mifupa, kibao kilichotazama juu peke yake kilikuwa changu. Hakukuwa na shaka, hakikuegemea, hakikupishana na kingine. Babu alinitaja mimi. Nikaukumbuka ule ubao, nikahisi macho ya ukumbi mzima kisogoni, nikafungua kinywa nikasema Mogomotsi. Kwa nini yeye na si wale wawili wengine? Nimejiuliza kila usiku. Nadhani ni kwa sababu tangu utotoni, nikiwa kwenye shida, jina ninaloita ni lake. Kisha nikaikusanya mifupa haraka, kabla mtu hajaitazama.

Nilikuwa na muda wa kumwita ashuke. Wimbo ule una beti tatu na alikuwa ameanza wa pili. Nilisimama nikamsikiliza.

Kwa hiyo nyumba ya MmaMogomotsi haina jambo. Haikutajwa na mfupa wowote. Aliyemtaja ni mimi, kwa mdomo wangu, na nilijua ubao ulikuwa mbovu. Yote mliyomfanyia mwanamke huyu tangu mazishi mmemfanyia kwa uongo wangu, na wewe Mama umo.

Nitashuka kwenye basi Ijumaa mchana. Nitakwenda moja kwa moja barazani kwa kgosi, chifu wetu, sitapitia nyumbani kwanza. Bwana Modukanele na polisi wa hapa nimeshawaandikia, nao watafanya watakalo. Mifupa ya babu naibeba, wazee waamue itakwenda kwa nani. Mimi sitaishika tena.

Nisalimie shangazi, nisalimie wote wa mtaani, hata mjomba, sina ugomvi naye, alieleza alichoambiwa. Mama, nakupenda na najua nimekuua kidogo leo. Lia, unipige ukiniona, haki yako.

MmaMogomotsi, sikuombi msamaha kwa karatasi. Nitakuja kukuomba usoni kwako, na ukinifungia mlango nitaelewa. Lakini barua hii ni yako sasa. Usiiache mezani. Ikunje, itie kifuani, uende nayo kwa kgosi leo hii, kabla mimi sijafika na kabla sijabadilika moyo, isomwe mbele ya mtaa mzima. Ndiyo maana nimeweka jina langu kamili na alama ya kidole chini.

Mama, umesikia. Asiponyanyuka, mnyanyue wewe. Na usimnyang'anye.

Ni mimi mwanao,
Oarabile Kebonang Ditshupo