Wavu Umeshika Kutu na Kelvin Hamezi Vizuri

Bi Merle mpendwa,

Nisaidie kabla ya mkutano wa Jumapili, maana mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mke wangu Raelene ndiye anayekusoma kila Ijumaa na hunisomea kwa sauti zile barua za wanaume wajinga, na naona zamu yangu imefika. Jina langu usilitoe.

Ni hivi. Niko kwenye kikosi cha zimamoto cha kujitolea hapa kwetu kwenye mashamba ya ngano, mwaka wa ishirini na tatu huu, na kwa miaka kumi na minne mimi ndiye mshika koleo la kugeuzia nyama. Kila Alhamisi tukimaliza mazoezi ya pampu na mipira ya maji watu hufungua bia, mimi nawasha jiko la gesi, na wote huja kusimama nyuma yangu kunifundisha kazi, "Geuza hiyo," "Punguza moto, unachoma soseji au maiti?", lakini hakuna anayegusa koleo. Hapa kwetu mtu atakuazima trekta bila kuuliza unaenda nayo wapi, ila koleo la mwenzako huliombi.

Mwaka jana jiko la zamani lilikufa, kamati ikanunua jipya la vichomeo sita, na dukani wakatuambia tuchague nyavu za kuchomea, ama za chuma cha kusubu, zile nyeusi nzito, ama za stenlesi, zisizoshika kutu. Mimi nikashikilia chuma cha kusubu kwa sababu kinatunza joto na kinaipiga nyama mistari ya kumfanya mtu ameze mate, na Kelvin Noske, fundi wetu wa pampu, akashikilia stenlesi, akasema mbele ya watu wote, "Chuma cha kusubu ni kama mtoto mchanga, kinataka mtu wa kukipaka mafuta kila siku. Sisi hapa hata maua ya mlangoni yametufia, na ni ya plastiki." Watu wakacheka lakini kura nikamshinda tisa kwa saba, kwa sharti kwamba wavu nitaulea mwenyewe na baada ya mwaka mkutano uangalie upya. Mwaka unatimia Jumapili ijayo.

Sasa mwezi wa saba mimi na Raelene tulivuta karavani, nyumba yetu ya magurudumu, kwenda kaskazini kutafuta jua, wiki tatu, na siku ya kuondoka sikuupaka wavu mafuta kwa sababu Raelene alikuwa ameshawasha gari na anapiga honi, na kifuniko cha jiko kimepasuka pembeni, umande ukaingia, na Alhamisi niliporudi nikafunua nikakuta wavu mwekundu kama barabara za huko tulikotoka. Nikageuka kuangalia kama Kelvin yupo. Hakuwepo. Nikachukua brashi ya waya, ile ile ya tangu jiko la zamani, nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi, na ilipofika saa kumi na mbili jioni wavu ulikuwa mweusi tena, au tuseme mweusi wa kutosha kwa taa tulizo nazo.

Swali langu: kutu ikishaingia kwenye chuma cha kusubu inatolewaje ikaisha, nipake mafuta gani, na mtu akipitisha kidole Jumapili nimjibu nini?

Kuna jambo jingine dogo ambalo Raelene halijui. Ile brashi ina upara katikati. Nilikuwa nimepanga kununua nyingine. Alhamisi hiyo ilikuwa ya familia, soseji, mbavu za kondoo, vitunguu, na nilipokuwa nageuza soseji za awamu ya tatu nikaona kitu kinametameta kati ya vyuma, chembamba kama unywele, nikakibandua kwa kucha, ulikuwa waya wa brashi, nikautia mfukoni nikaendelea kugawa, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na watu wameshatandaza mkate kiganjani. Dakika kumi baadaye Kelvin akakohoa, akashika koo, akasema, "Wee bwana, umenitilia mfupa kwenye soseji?" Mtu akamjibu, "Huo si mfupa Kel, ni wivu." Wakaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, Bi Merle.

Tangu siku hiyo hamezi vizuri. Mkewe Joylene anamsukutulisha maji ya chumvi, na daktari wa zahanati amemmulika kwa tochi, hakuona kitu, akampa peremende za koo. Huenda ni mafua. Msimu huu mafua ni mengi. Lakini nikimwambia sasa, Jumapili wavu umekwenda, koleo limekwenda, na Kelvin atakuwa na haki mpaka siku ananizika. Nimefikiri labda ningoje kura ipite, halafu nimwambie taratibu tukiwa wawili. Waonaje? Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha kama kuna lisiloeleweka.

Mshika Koleo

*

Mshika Koleo,

Hakuna lisiloeleweka. Barua yako niliifungua Jumatatu saa nne asubuhi, na chai haijapoa nikakupigia, kwa sababu gazeti hili hutoka Ijumaa na koo la mtu halingoji mtambo wa kuchapa.

"Bi Merle," ukaniambia, "nilitegemea utanijibu gazetini."

"Nitakujibu gazetini. Sasa hivi vaa viatu."

Miaka ishirini na mbili nasoma barua zenu, na nimejifunza kuanza kusoma pale mtu anapoandika "kuna jambo jingine dogo". Kutu umeipa aya nzima. Waya umeupitisha mlango wa nyuma, umeinamisha kichwa. Huyo daktari alitafuta mafua kwa kuwa hakuna aliyemwambia atafute waya, na mtu pekee aliyekuwa na hilo neno mdomoni alikuwa wewe, umelikalia siku nne ukilinda kura tisa za wavu wa kuchomea soseji. Kuogopa kuchekwa nakuelewa, hata mimi nimeishi mji mdogo maisha yangu yote. Lakini ingekuwa nyumba yake inaungua, ungengoja mkutano?

Ulikwenda. Hilo nakupa. Jumanne ulinipigia kunieleza ilivyokuwa, na kwa kuwa Kelvin mwenyewe ameniruhusu kuandika, mradi jina la Noske lisikosewe, naandika. Ulimkuta karakana kwake, yuko chini ya lori, miguu tu nje.

"Kel, toka huko."

"Nakusikia vizuri tu nikiwa huku."

"Ulichomeza Alhamisi ni waya. Wa brashi yangu. Niliona mwingine kwenye wavu nikanyamaza."

Spana ikaacha kugonga. Akajivuta nje polepole, amelala chali, akakutazama kutokea chini.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu hiyo Alhamisi."

"Joylene amenisukutulisha chumvi mpaka nimekuwa samaki ng'onda, na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nangoja kura."

"Kura! Haya, usinililie hapa, washa gari. Nitakutukana njiani."

Kilomita sitini mpaka hospitali, na unasema hakurudia tusi hata moja. Pale mapokezi mkasema "waya", wakampiga picha, wakauona umejichomeka kwenye shina la ulimi, mahali ambapo tochi haifiki, wakautoa kwa kikoleo kidogo. Daktari akawaambia ungeachwa ungeweza kuzama zaidi, au kushuka tumboni na kutoboa utumbo. Kelvin akaomba apewe. Wakampa ndani ya kichupa.

Sasa wavu, maana uliuliza, na najua wako wanaume kumi wanaosoma hapa wakijifanya wanatafuta habari za mvua. Chuma cha kusubu ni kizuri, hata mimi ninacho nyumbani, nami huupaka wavu wangu mafuta kila nikimaliza kupika, ungali na joto, mafuta ya kupikia ya kawaida, kidogo sana, kwa kitambaa. Kikiwa na kutu, utoe wavu kwenye jiko, uusugue kwa chumvi ya mawe na mafuta au kwa kipande kigumu kisicho cha chuma, uoshe, uukaushe hapo hapo juu ya moto, uupake mafuta membamba, uuchome mpaka uache kutoa moshi, kisha urudie mara mbili tatu. Ule uliopakwa ganda la kung'aa kiwandani usiukwangue na chuma kabisa, ganda likibanduka kutu hupita chini yake na vigae huingia kwenye chakula. Lakini wavu wa kikosi ni wavu wa watu wote, na cha watu wote hakina wa kukipaka mafuta wiki ambayo mmoja amevuta karavani. Hapo nunueni stenlesi, yenye nondo nene kama kidole chako kidogo. Zile nyembamba kama rafu ya friji zitapinda kabla ya Krismasi.

Kusafisha ni dakika kumi na tano. Funga kifuniko, acha moto uunguze mabaki, zima gesi, kwangua kwa kibao cha mbao, kisha shika nusu ya kitunguu kwa uma mrefu upitishe juu ya wavu. Malizia kwa kitambaa chenye maji ulichokishika kwa koleo, jihadhari na mvuke, halafu kitazame hicho kitambaa kwenye mwanga. Brashi ya waya ikate mpini, uitupe. Usimpe jirani. Usiiweke kando kwa ajili ya "kazi nyingine", nawajua ninyi.

Jumapili simama kabla Kelvin hajasimama, upendekeze stenlesi kwa mdomo wako, useme ulichoona na siku ulizonyamaza. Usiseme brashi ilikuwa mbovu, mtu anaweza kudhani brashi ndiyo iliyogawa soseji. Koleo liweke mezani. Wakikurudishia, shukuru. Wakimpa Kelvin, simama nyuma yake na bia yako kama wengine, umfundishe kazi.

Ila Jumapili ni mbali. Kwenye simu uliniambia siku hiyo mlikuwa watu thelathini na wawili, saba kati yao watoto, na brashi yenye upara haikosi waya mmoja wala miwili. Nilikupa mpaka jana jioni uwapigie wote, mmoja mmoja, si kwa ujumbe wa kikundi ambao nusu yao hawaufungui. Ukijitoa wewe na Kelvin, umewapata ishirini na sita. Wote wazima, na watatu wamekukatia simu, ambayo ni haki yao. Wanne hawakupokea.

Kwa hiyo ninyi wanne, mnaojijua mlikula pale: ukimeza panachoma, au tumbo la mtoto linauma mahali pamoja na haliachi, nendeni hospitali leo, na mkifika mlangoni semeni "waya" kabla hamjasema lingine lolote. Na simu ikilia, mkaona ni yeye, pokeeni. Msimkatize. Mwacheni aseme mpaka mwisho.