Nukta ya Athman

Jumapili, baada ya alasiri. Asubuhi kulinyesha rasharasha, kisha jua likatoka na joto likawa la kunata. Nguo nilizoanika bado zina unyevu. Sina moyo wa kwenda kuzigeuza.

Naandika kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine.

Ukoo wetu una wiki, tovuti yetu wenyewe mtandaoni. Aliianzisha Fuad, mtoto wa ami yangu anayekaa Kilifi, ili sisi tuliotawanyika tuwe na mahali pamoja pa kuandika nani kazaliwa, nani kaoa, nani kazikwa wapi. Kila mmoja wetu aweza kuandika na kurekebisha. Ukurasa wa mama nautunza mimi, kwa kuwa mama anakaa nami hapa Malindi, na kwa kuwa ni mimi ninayemwona akipotea kidogo kidogo.

Mama anasahau. Mwanzo alisahau chumvi kwenye mchuzi, sasa anasahau watu. Kuna siku mimi huwa dada yake. Daktari alituambia tumwonyeshe picha za zamani na tuzungumze naye mambo ya ujana wake, maana hayo ndiyo yanayokawia kumtoka. Hapo nikapata wazo la mstari wa nyakati: mstari mmoja mrefu ndani ya ukurasa wake, una nukta kwa kila tukio. Unausukuma kwa kidole, ukigusa nukta picha inafunguka na maneno machache chini yake. Nikaona hilo mama ataliweza. Vidole vyake bado vinajua kazi; alishona sare za shule miaka na miaka.

Kuupachika kulinichukua wiki mbili. Kuutengeneza ni rahisi, unajaza jedwali tu: mwaka, kichwa, maelezo, picha. Taabu ni kuuingiza kwenye ukurasa. Kila nilipobandika msimbo wake, yale maandishi ya kompyuta yanayouleta mstari, ukurasa ulinionyesha msimbo wenyewe, herufi na mabano matupu, bila mstari. Kumbe wiki yetu haikubali kitu cha kutoka nje mpaka msimamizi aruhusu, na msimamizi ni Fuad. Aliruhusu Alhamisi. Nilipofungua nikauona umetulia mahali pake na nukta zake thelathini na moja, nilipiga kigelegele peke yangu jikoni.

Nukta ya mwisho ilikuwa ya Athman.

Athman ni mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Alifariki kwa ajali ya gari miaka minne iliyopita, akirudi kutoka Mombasa. Wakati ule mama alikuwa na akili zake timamu. Alilia, akakaa matanga, akamshukuru Mungu. Ugonjwa ulipomjia, ukamrudishia mwanawe. Siku hizi Athman yuko safarini kikazi, na sote humjibu hivyo.

Lakini nilipokuwa najaza jedwali sikumfikiria mama huyu anayesahau. Niliyafikiria maisha ya mama yalivyokuwa, na kifo cha Athman kimo ndani yake. Nikaandika, nikaweka picha, nikalia, kisha nikarudi kutafuta picha ya harusi ya mama.

Na nilidhani ataangalia picha tu.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nilimkalisha ukumbini nikampa tableti. Aligusa Ngomeni alikozaliwa, akanitajia majirani ambao sijapata kuwasikia. Aligusa harusi yake. Aligusa picha yake akiwa kwenye kisomo cha ngumbaru, mwanamke wa watoto wanne aliyejibana kwenye dawati la mtoto, akacheka hadi akafuta machozi. Ni muda mrefu sijamwona hivyo. Nikamwacha na furaha yake, nikaenda jikoni kupalia wali makaa.

Nikamsikia anasoma. Mama alijifunza kusoma ukubwani, na husoma vile vile alivyofundishwa, kwa sauti, silabi moja moja. Ugonjwa umemnyang'anya majina ya wajukuu, lakini kusoma haujamnyang'anya.

"Ath-man a-li-fa-ri-ki."

Nilikimbia. Alikuwa keshamaliza sentensi.

Hakupiga ukelele. Aliniangalia kwa macho makavu, akaniuliza, "Athman wangu?"

Nikaitoa tableti mikononi mwake.

"Mbona hamkuniambia? Nani alimwosha mwanangu? Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwepo, mama," nikamwambia. "Ulikuwepo siku zote tatu za matanga."

"Sikuwepo," akasema. "Ningekuwepo ningekumbuka."

Kisha kilio kikamjia, kile kile cha miaka minne iliyopita, na mimi niliyekuwa nimekizika nikakisikia upya. Nilimkumbatia mpaka wali ukaungua. Baadaye alipitiwa na usingizi. Alipoamka hakukumbuka neno hata moja, lakini machozi yalikuwa yanaendelea kumtoka. Alikaa kitandani akijipangusa kwa mtandio, akanitazama kama anayeomba msaada.

"Mwanangu, mimi nalia nini?"

Nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Jana asubuhi nikaifuta ile nukta. Kabla ya kuhifadhi, wiki hukuuliza sababu ya badiliko ulilofanya. Niliandika maneno mawili: marekebisho madogo.

Haikupita saa simu ikalia. Alikuwa Nasra, binti ya Athman. Ana miaka kumi na sita, anakaa na mamake Kisumu Ndogo, hapa hapa mjini. Sikujua kama anaufuata ukurasa wa bibi yake, wala kwamba wiki humpelekea ujumbe kila ukiguswa. Hakuniamkia. Mtoto huyu hajawahi kunikosea adabu.

"Shangazi, umemfuta baba."

"Si kumfuta, mama. Ni kwa ajili ya bibi yako."

"Umeandika marekebisho madogo."

Nikatoka uani na simu, mama asisikie.

"Nguo zake ziligawiwa," akasema. "Duka likauzwa. Pale ndipo palipokuwa pamebaki jina lake." Akakata.

Nataka niseme kweli hapa, maana kwingine sijaisema. Nilipoandika maneno yale sikumfikiria Nasra, na wala si mama peke yake niliyekuwa namfikiria. Sikutaka kuulizwa tena nani alimwosha. Nilijihurumia mimi, nikamtanguliza mama mbele.

Adhuhuri Fuad akapiga. Yeye alianza kwa salamu ndefu, nami nikajua yanayokuja.

"Dada, nimeirudisha," akasema. "Usinikasirikie. Wiki ya ukoo haiwezi kusema Athman yu hai."

"Na mama je? Akiisoma tena?"

"Huyo mtengenezee ukurasa wake," akasema. "Nakili jedwali, uondoe unachotaka kuondoa. Lakini kwanza mwone mtoto."

Nilikwenda Kisumu Ndogo kwa miguu. Nasra alinipokea mlangoni, macho yamevimba. Nilimwomba radhi, mimi mtu mzima, mbele ya mamake. Kisha nikamweleza yote ya Ijumaa, mpaka lile swali la nani alimwosha. Mamake alitoka akaenda uani. Nasra aliniuliza, "Bibi aliuliza hivyo kweli?" Nikamwambia ndiyo. Nilipoaga alisema atakuja leo.

Na kweli alikuja asubuhi, kwenye mvua. Tuliketi pamoja tukatengeneza ukurasa wa pili. Nilimwambia achague yeye mstari uishie wapi. Nilidhani atachagua siku aliyozaliwa, maana kuna picha nzuri Athman amembeba kichanga. Aliipita. Akasimama kwenye ile ya Athman siku anafungua duka, rangi imemtapakaa shati zima.

"Hapa," akasema. "Hapa anacheka."

Safari hii msimbo ulikubali mara moja. Tukaweka kwenye tableti ya mama ukurasa huo tu, ule wa ukoo tukautoa.

Tulikaa naye tukimtazama. Mama alianzia Ngomeni kama kawaida, akaja polepole, akacheka kwenye dawati lake. Alipofika mwisho aliacha kidole juu ya ile picha. Nilishikwa na woga.

"Athman atakuja lini?" akauliza.

Swali hilo nimelijibu mara mia. Leo, na Nasra amekaa pale, mdomo ulikuwa mzito.

Nasra akasogea, akamshika bibi yake mkono.

"Ijumaa, bibi. Amesema atakuja Ijumaa."

Uso wa mama ukakunjuka. "Basi mnunue samaki, changu," akasema. "Yeye apenda changu wa kupaka."

"Haya, bibi."

Baada ya muda Nasra alitoka. Nilimkuta uani ameinama kwenye ndoo, anajimwagia maji usoni, anajimwagia tena. Nilitaka kumwambia mengi. Neno lililonitoka ni ahsante.

Nimemshukuru mtoto kwa kusema kuwa babake yu hai.

Sasa amekwenda kwao. Mama amelala, na hapa mbele yangu nimefungua kurasa zote mbili, ule wenye nukta thelathini na moja na ule wenye pungufu. Siwezi kusema upi una makosa. Najua tu kwamba Ijumaa itafika, na mama hatakumbuka kuwa aliahidiwa mgeni. Nasra atakumbuka.

Nitakwenda kumchukua mwenyewe, mapema, asiwe peke yake siku hiyo. Na changu nitanunua.