Mnunuzi Aliyekuja Siku ya Mkate

Valcroze, 9 Oktoba 1974

Mdogo wangu mpendwa Léonie,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia kabla baridi ya Lyon haijaanza kuuma. Mimi dada yako sijambo. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha kiangazi kimekwisha.

Tangu mwoka mikate wetu afunge duka mwezi Agosti, mkate huletwa kwa gari kutoka kijiji cha pili, na dereva huuacha jikoni kwangu kwa kuwa mlango wetu unatazama kanisa. Nilidhani watu watachukua mikate yao na kwenda zao. Thubutu. Clémence, mjane wa fundi viatu, ndiye aliyeanza: alivuta kiti akasema miguu inamuuma, akanywa vikombe viwili vya kahawa. Mara ya pili akaja na jamu. Sasa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, jikoni mwa marehemu mama yetu hamna pa kutia mguu. Hata jirani Gustave, ambaye hakuwa amevuka kizingiti chetu tangu ule ugomvi wa mti wa jozi, alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema amefuata mkate tu. Nikamwambia aketi, asinizibie mwanga. Akaketi. “Kahawa yako bado chungu, Honorine,” akasema, huku akisogeza kikombe aongezewe.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Uliniandikia kwamba yule bwana uliyemtuma kuiona nyumba ameghairi, nawe hujui kisa. Kisa ni mimi. Alifika Alhamisi, tumejaa tele, akauliza kama nyumba ina unyevu. Mdomo ukatangulia akili: nikamwambia kila theluji ikiyeyuka, mto huingia hadi jikoni. Wewe unajua mto ulivyo mbali, chini kabisa bondeni. Nikangoja Gustave aniumbue, maana sababu anazo. Akapangusa masharubu, akasema, “Mwaka juzi huyu mama tulimtolea dirishani.” Clémence naye akaongeza kwamba samaki waliokotwa kabatini. Yule bwana alishukuru kwa kahawa akaondoka, hata ghorofani hakupanda.

Nimekukosea, Léonie. Nyumba ni yetu sote wawili, na najua umekwisha kunipakia rangi chumba huko kwako. Nilikubali kuhama kwa sababu tulipomzika mume wangu Émile, ukimya wa humu ndani ulinishinda. Sasa sitaki tena kuondoka, na niliona haya kukuambia.

Njoo wakati wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ukae nasi juma zima. Baada ya hapo ukisema bado tuuze, nitatia sahihi, na yule bwana nitamwandikia ukweli kwa mkono wangu mwenyewe. Ila panga kufika Jumanne, na uwahi. Kiti cha karibu na jiko hugombewa.

Nisalimie shemeji na watoto. Clémence anakubusu. Gustave anasema salamu zake atakupa mwenyewe ukija.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Honorine