Kadi ya Likoko

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kuna kishindo cha muhuri kisichonitoka masikioni. Hapa masijala ya hospitali tunagonga mihuri siku nzima, lakini ninaousikia ni mmoja tu, ule nilioupiga kwenye kadi ya Hamisi.

Magoti yako yanaendeleaje? Kaka aliandika kwamba umemaliza darasa la watu wazima. Basi hii isome mwenyewe, polepole, usimpe mtu akusomee.

Hamisi alikuwa mchonga mpingo, mtu wa kijiji cha pili kutoka kwetu. Patasi ilimkata mguu, kidonda kikaoza. Daktari alipomuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, alisema utotoni alichomwa sindano hospitali ya misheni huko nyumbani, akavimba uso mpaka akashindwa kupumua. Sindano gani, hakujua. Daktari akampa vidonge vya kusukumia siku, akaniagiza niwaandikie misheni watafute kumbukumbu zake. Niliandika kwa mashine, vizuri kabisa: Hamisi Nandonde, umri, kijiji. Tukangoja wiki tatu, uvimbe ukipanda gotini. Wakajibu hawana mgonjwa mwenye jina hilo. Nikagonga kadi yake: HANA KUMBUKUMBU. Daktari akaona yale yalikuwa maneno ya utotoni tu, akaandika penisilini. Sindano ilikuwa haijawekwa chini, Hamisi akaanza kutweta. Hakufika adhuhuri.

Dada yake aliyemlea, Bi Zuhura, alikuja kuchukua maiti. Alikuwa akilia akimwita Likoko. Nilimuuliza Likoko ni nani.

"Si jina lake kabla ya jando, mwanangu? Kwani wewe si wa kwetu?"

Mama, mimi ni wa kwetu. Hata mimi nina jina nililoliacha unyagoni, na leo mtu akiniita hilo nitaona amenitukana. Nimesoma mpaka kidato cha nne, najua kupanga majalada kwa herufi, na sikukumbuka kumuuliza aliugua akiwa anaitwa nani. Yeye asingelitaja mwenyewe. Mwanaume mzima halitaji tena, hasa mbele ya msichana.

Niliwaandikia tena misheni. Safari hii walinakili kadi yote. Likoko, mtoto wa Nandonde, na chini kabisa: asichomwe penisilini tena.

Mzee Kondo, mkuu wetu wa masijala, aliisoma, akaenda kufunga mlango. Alisema bila ukali, kama wewe unavyosema na mgonjwa.

"Itie motoni, binti. Wewe utafukuzwa, na yeye hatarudi."

Siku nne nilitembea nayo mkobani.

Nisalimie Baba, na Kaka Issa na mkewe. Shangazi wa sokoni mwambie kanga yake nimempa dereva wa basi. Bibi mshike mikono kwa niaba yangu, ila haya usimsomee.

Watu wa Hamisi watakuja kukuuliza, nami sikutaka uyasikie kwao kwanza. Jumamosi asubuhi nilimkabidhi daktari maelezo yangu, yana sahihi yangu. Mchana nikaenda kwa Bi Zuhura, nikakaa naye mkekani, nikamsomea kadi ya mdogo wake na kumwambia kosa ni langu. Akaniomba nirudie kusoma. Nikarudia, kisha nikamwachia hiyo kadi.

Mwanao,
Somoe