Kisu Mbele ya Mkwe

Lewisham, Jumatatu

Kaka Omari, shikamoo.

Baridi ya huku ni kali, lakini kinachonifungia ndani ni aibu. Sina uso wa kumtazama mtu. Juzi mkwe wetu mtarajiwa, babake mchumba wa Salim wangu, alitutoa London akatupeleka shamba kuwinda ndege mfano wa kanga, ila wana mikia mirefu. Bunduki yake aliachiwa na babu yake, kuukuu kama gobore la baba, lakini inang'aa kama vyombo vya harusi.

Tulisimama kwenye mstari, mbwa wametulia miguuni. Bunduki ikapigwa, ndege akaanguka anapapatika, na miguu yangu ikadhani tuko Pangani: wewe umepiga, mimi ndiye wa kuwahi kuchinja kabla hajafa. Nikachomoa kisu nilichokibeba jikoni kwa Salim, nikatimua mbio mbele ya bunduki za watu! Firimbi ikalia. Mbwa wote wakakaa. Mimi nikaendelea. Namfikia ndege, keshakufa. Nageuka na kisu mkononi: bunduki zimeshushwa, mkwe kapauka kama unga, Salim anatazama viatu vyake.

Mzee wa watu hakunigombeza. Jumamosi tunarudi shamba kuwinda, na kaniomba nimshikie mbwa wake kamba. Salim anasema hiyo ni heshima. Mimi naona mbwa ndiye aliyepewa kazi ya kunishika.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Kadi hii usiwasomee.

Mdogo wako,
Hamisi